Haijagusa Maji

Tiketi ilikuwa dola kumi. Niliinunua
kwa kuwa Merle wa zimamoto alisimama mlangoni,
pua nyekundu kama nyanya, mbwa anambwekea,
na baridi yote ya Michigan inapita katikati ya miguu yake.
Nikamwambia: Shika noti, nifunge mlango.

Siku kumi na tisa baadaye wakaileta juu ya tela,
utepe umefungwa mbele kama zawadi ya mtoto:
futi kumi na nane, buluu ya kumetameta,
injini ya nguvu za farasi mia na kumi na tano,
viti bado vimo ndani ya nailoni.
Wakanipiga picha. Nilikuwa na buti za kulishia kuku.

Mimi sivui. Aliyekuwa akivua ni Wendell,
miaka thelathini na sita katika bati lenye viraka,
na kila mwaka alinunua tiketi tatu za zimamoto.
Alishinda mara moja: paja la nguruwe.
Tulilila hadi Pasaka. Mimi nikalichoka,
yeye akaendelea kulisifu.
Sasa amelala kule kilimani, kaburi la pili toka uzioni,
na ngekewa imekuja kubisha kwangu.
Ngekewa haisomi majina vizuri.

Kisha ikafika barua ya kodi.
Kumbe bahati nayo ina ankara,
na ankara ina tarehe.
Nikachukua boksi la sabuni, nikalipasua,
nikaandika kwa rangi ya mlango wa banda:
INAUZWA. MPYA. HAIJAGUSA MAJI.
Nikakipigilia kibao kwenye mti wa barabarani.

Wa kwanza alipiga teke gurudumu la tela
kana kwamba gurudumu lina deni naye.
Akasema: Wewe umeipata bure, niuzie nusu.
Nikamjibu: Hata macho yako umeyapata bure,
hebu niuzie moja, bei gani?
Akaondoka na macho yake yote mawili.

Wakaja mke na mume kutoka Grand Rapids,
wamevaa koti za rangi moja.
Mke akauliza: Inavuja?
Nikasema: Sijui, mama. Bado haijaulizwa na maji.
Wakacheka, wakapiga picha, hawakurudi.

Usiku ule niliingia gereji na tochi.
Nikapanda. Nikakaa upande wa abiria,
upande wangu, kama ningekuwa na upande.
Nailoni ikalia chini yangu kama kitanda cha hospitali.
Sikuipenda sauti ile. Nikaichana yote,
kiti hicho kimoja tu,
nikakaa mpaka tochi ikawa ya manjano.

Jumamosi akaja Arvo Lehtinen.
Yeye na Wendell hawakusalimiana miaka kumi na miwili
kwa sababu ya kona moja ya ziwa
ambayo kila mmoja alidai kuiona kwanza.
Akaizunguka boti mara mbili, kofia mkononi.
Kiti kimoja kimechanwa, akasema.
Nikasema: Punguza dola hamsini.
Hakupunguza. Akahesabu noti zote juu ya boneti,
polepole, akilowesha kidole,
bei kamili niliyoiandika nikijua nitapunjwa.
Nilikuwa nimejiandaa kubishana wiki nzima.
Maneno yakanibaki mdomoni kama punje za mahindi.

Nikamwandikia hati, nikampa funguo.
Akaning'iniza utepe kwenye kitasa cha sauna,
akasema huu si wake.
Tela ikapanda mlima, ikashuka,
pua ya boti ikainuka, ikainama,
halafu theluji.

Mwezi wa Mei, barafu ilipokwisha kupasuka,
simu ikalia saa kumi na moja alfajiri.
Haivuji, akasema Arvo.
Nyuma yake nikasikia maji yakipiga ubavu.
Nipo kwenye kona yake, akasema.
Kisha akakata.

Nikavaa buti, nikachukua nyundo,
nikaenda barabarani kung'oa kile kibao.